Dada kwenye ripoti ya mhazini

Mhazini wa kikundi chetu aliamua kunifurahisha, mi ni kipofu nasoma breli, sasa jamaa kachukua jedwali lake la matumizi, miezi yote 12 imejipanga kwenda upande, akalitupia kwenye printa ya breli vilevile lilivyo. Kukagua hakukagua, na angekagua angeona nini, vinundu tu. Mkutanoni akanikabidhi mbele za watu, makofi, mwenyekiti naye akanogewa, eti basi leo ripoti tusomewe kwa vidole.

Sasa karatasi ya kawaida ya breli mstari unabeba herufi 40 hivi, basi. Na namba kabla haijaanza inawekewa alama ya kusema jamani hii ni namba, kwahiyo 4500 kwangu inakula nafasi 5 sio 4. Piga mara miezi 12, weka na nafasi za kutenganisha safu, kila mstari wa jedwali ukawa unajaza mistari miwili na kumwagikia wa tatu. Printa ikifika ukingoni inakata popote, hata katikati ya namba, haina cha msalie. Balaa ni kwamba kwenye breli 1 mpaka 9 na 0 ni herufi zilezile a mpaka j, kinachotofautisha ni ile alama ya mbele, na kipande kilichodondokea mstari wa chini hakina alama.

Nikasafisha koo.

"Usafiri, mwezi wa nne... tatu. Dada."

Kimya. Mwenyekiti akasema rudia ndugu. Nikarudia, tatu, dada. (Ilikuwa 34141, lakini mi nasoma kilichoandikwa, sio kazi yangu kubuni.)

Mke wa mhazini naye ni mwanachama, akauliza taratibu kabisa, "Baba watoto, dada gani huyo anasafirishwa na kikundi?"

Mhazini akaanza kucheka peke yake, kile kicheko cha kuomba msaada. Mi nikaendelea, "Mawasiliano, tano, baba." Yaani 52121. Mmoja kule nyuma akasema kumbe ukoo mzima umo humu. Nikafika kwenye hasara, 161941 imekatwa baada ya 1, nikasoma "hasara, moja, faida" na kuna mtu akapiga makofi kabisa wallahi.

Hapo ndo nikashtuka, nikapapasa mwisho wa mstari wa juu, nikakuta vichwa vya namba vimebaki huko. Nikawaeleza. Wengi wakaelewa, shemeji akasema ameelewa.

Nikamwambia mhazini dawa ni rahisi, geuza jedwali miezi ishuke chini, au kila kipengele kiandikwe kama orodha, mwezi na namba yake, mwezi na namba yake, kinakuwa kirefu lakini kinasomeka. Yeye akasikia kwa mtu kwamba jedwali pana linagawanywa kurasa mbili zinazotazamana, nusu kushoto nusu kulia, na ni kweli linafanyika. Akafanya hivyo vizuri tu, halafu mwishoni akachomeka ukurasa wa jalada mbele, kurasa zote zikasogea moja, Juni ikawa mbele ya karatasi na Julai mgongoni mwake. Nasoma nageuza, nasoma nageuza, kama nachoma chapati.

Shemeji akanivuta pembeni baadae, "Hebu niambie ukweli shem, kwenye hii mpya yule dada wamemtoa au wamemhamishia upande wa nyuma?"