Jeshi la Komoro linahitaji vyombo vya baharini kabla ya bunduki

Likitajwa jeshi la Komoro, wengi hukimbilia habari za mamluki: Mfaransa Bob Denard na mapinduzi ya 1978 na 1995. Aibu ile haifutiki. Lakini kwa maoni yangu udhaifu mkubwa wa jeshi hili uko baharini. Taifa la visiwa lisiloweza kuvusha askari wake kwa vyombo vyake haliwezi kulinda hata umoja wake.

Tazama kisiwa cha Nzwani. Agosti 1997 kilijitangazia kujitenga. Mwezi uliofuata serikali kuu iliyoko Moroni ikatuma askari wapatao 300 kukirejesha. Walivuka, wakateremka, wakashindwa vibaya: makumi waliuawa, wengine wakatekwa.

Katika vita vya kuteremka pwani, kufika ni mwanzo tu. Kikosi cha kwanza hushika gati au ufuo, basi. Cha pili lazima kifuate baada ya saa chache kikiwa na risasi, maji na dawa, na chombo kilichokileta kiondoke na majeruhi. Vyombo vikiwa vichache, safari ya pili huchelewa, na wapinzani hupata muda wa kukusanyana na kupanda juu. Nzwani ni milima mitupu; Ntringui peke yake unakaribia mita 1,600. Aliyebaki chini gatini, bila risasi za akiba, hana pa kukimbilia.

Mwaka 2008 mambo yalikwenda tofauti. Kanali Mohamed Bacar, rais wa kisiwa cha Nzwani, alikuwa ameng'ang'ania madaraka kwa uchaguzi aliojifanyia mwenyewe Juni 2007, na vikwazo vya Umoja wa Afrika vilivyofuata Oktoba havikumtikisa. Alfajiri ya 25 Machi, askari zaidi ya 1,300 wa Tanzania na Sudan, pamoja na mamia ya Wakomoro, walikiingia kisiwa wakitokea kisiwa jirani cha Mwali. Kabla ya usiku mji mkuu wa kisiwa, Mutsamudu, uwanja wa ndege wa Ouani na mji wa Domoni vilikuwa mikononi mwao. Idadi ilisaidia: walinzi wa Bacar walikuwa mamia machache tu, hawakuweza kuzuia bandari, uwanja wa ndege na miji kwa wakati mmoja. JWTZ, yaani jeshi la Tanzania, wanastahili sifa kwa kazi ile.

Hata hivyo Bacar mwenyewe hakukamatwa. Alitoroka kwa boti hadi Mayotte, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, umbali wa kilomita 70 hivi, Wafaransa wakampeleka kisiwa chao cha Réunion, na mwishowe akapata hifadhi Benin. Nchi kavu ilizingirwa, mlango wa bahari ukaachwa wazi.

Ndiyo maana fedha za ulinzi zinazoishia kwenye walinzi wa rais zinaniuma. Anzeni na boti za doria, tena zisiwe moja moja. Ukitaka boti moja iwe baharini kila siku, uwe nazo tatu: moja kazini, moja kwenye mafunzo, moja kwa fundi. Chumvi hula injini, na boti isiyo na vipuri hugeuka pambo la bandarini. Kabla ya kununua chochote, bajeti ya mafuta, vipuri na mishahara ya mafundi itengwe kwa miaka kadhaa mbele. Wafadhili hupenda kukabidhi boti mbele ya kamera. Mafuta ya mwaka wa pili yatatoka Moroni.