Mti Haushibi Hewa

Kuna hoja imeanza kunichosha. Mtu anasikia kwamba hewa ukaa inazidi kuongezeka angani, anakumbuka somo la usanisinuru la shuleni, kisha anakujia na tabasamu la mshindi: "Si ndiyo chakula cha miti hiyo? Ikizidi, misitu itanenepa." Ingekuwa uongo mtupu ningeipuuza. Kinachoniudhi ni kwamba ina ukweli ndani yake.

Ukweli wenyewe ni wa zamani. Karne ya 17, Jan Baptist van Helmont alipanda mche wa mwerebi kwenye chungu cha udongo alioupima, akawa anaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mche ulioanza na kilo 2 na ushei ukafikia kilo 77 hivi. Udongo ulipungua gramu zisizofika 60. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji. Alikosea, lakini simcheki, maana nani zama zile angekisia kwamba gogo zito kiasi kile limetoka hewani? Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni, na kaboni hiyo yote iliingilia kwenye majani.

Ukitaka kuuona mlango ilikoingilia, paka rangi ya kucha ile angavu upande wa chini wa jani, iache ikauke, ibandue kwa selotepu, uiweke chini ya hadubini. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilitegemea kuona mishipa. Nikaona midomo. Mingi ajabu, kila mmoja na seli mbili zilizopinda kama maharage yanayotazamana, katikati pana upenyo. Hivyo ndivyo vitundu vinavyoitwa stomata. Hewa ukaa inaingilia hapo na mvuke wa maji unatokea hapohapo, kwa hiyo mti hauwezi kula bila kupoteza maji. Tena unapoteza mengi: kwa kila molekuli moja ya hewa ukaa inayonaswa, mamia ya molekuli za maji huponyoka.

Hapo ndipo hewa ukaa ya ziada inapoufaa mti kweli. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ilikuwa na takriban sehemu 280 za hewa ukaa katika kila milioni. Charles David Keeling alipoanza kuipima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Sasa zimepita 420. Katika hewa ya namna hii jani linaweza kufumba midomo yake kidogo na bado likapata riziki yake, huku likibana matumizi ya maji. Zaidi ya hayo, kimeng'enya kinachonasa kaboni, rubisko, kina ugonjwa wa kunasa oksijeni kimakosa, na hewa ukaa ikiongezeka makosa hayo hupungua. Sukari inatengenezwa zaidi. Sina ubishi na hilo.

Ubishi wangu unaanza pale sukari inapotoka kwenye jani. Kila anayefuga anajua kwamba mnyama anaweza kula sana na asinenepe.

Wanasayansi walitambua kwamba miche ya kwenye vyungu haiwezi kuusemea msitu, wakaenda kuuliza msituni kwenyewe. Wanasimamisha mabomba kwa duara kuizunguka miti na kuipulizia hewa ukaa hadi kiwango kinachotazamiwa miongo ijayo, huku maduara mengine yakiachiwa hewa ya kawaida ili walinganishe. Kule Oak Ridge, Tennessee, miti michanga ilianza kwa kishindo: mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji wake ulikuwa juu kwa takriban asilimia 24. Kufikia 2008 ziada ilikuwa imeshuka hadi asilimia 9. Naitrojeni ya udongoni, kirutubisho ambacho mti hauwezi kukua bila hicho, haikutosha kwenda na kasi ile.

Jaribio ninalolirudia kila ninapobishana ni la Australia, magharibi ya Sydney, kwenye msitu wa mikaratusi iliyokomaa uliosimama juu ya udongo wenye fosforasi haba. Matokeo yake yalichapishwa 2020. Miti ilivuta kaboni zaidi kwa asilimia 12 hivi, jambo ambalo wale wa "chakula cha miti" wangelishangilia. Ila vigogo havikunenepa. Kaboni ilishuka mizizini, ikawalisha kuvu na bakteria, nao wakaipumua, ikarudi angani. Sehemu kubwa ya ile ziada iliuzungukia msitu kama mgeni asiyevua viatu, ikatoka. Ukiniuliza mimi, mti ulikuwa unatumia sukari iliyozidi kuwahonga vijidudu hao wa udongoni wauletee fosforasi, na fosforasi yenyewe haikuwepo ya kuletwa. Katika msitu huohuo, miti iliyowekewa mbolea ya fosforasi iliongeza unene.

Lakini nisijifanye mshindi mapema. Kule Staffordshire, Uingereza, waliifanyia vivyo hivyo mialoni ya miaka 180 hivi, umri ambao wengi tulidhani mti umeshajikalia tu. Katika miaka 7 mialoni hiyo ilitengeneza mbao zaidi kwa karibu asilimia 10. Nilipoyasoma matokeo hayo nilipunguza sauti. Miti mizee inaweza kuitikia, udongo ukiiruhusu.

Tatizo ni kwamba hewa ukaa haiji peke yake, inakuja na joto. Hewa ikipanda nyuzi 1 ya Selsiasi, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7, na hewa yenye kiu hiyo hunyonya majani bila huruma. Maji ya mti hayasukumwi kutoka chini. Yanavutwa kutoka juu, yamekazwa kama uzi kutoka mzizi hadi jani. Udongo ukikauka na hewa ikazidi kuvuta, uzi unakatika: kiputo cha hewa kinaingia kwenye mrija, na mrija huo haupitishi maji tena. Mti unaweza kufunga midomo ili kujihami, lakini ukifunga, hauli. Unaweza kufa kiu au ukadhoofika kwa njaa, huku umezungukwa na hicho kinachoitwa chakula chake. Ukishadhoofika wadudu nao wanaupata. Huko British Columbia, Kanada, majira ya baridi yaliyolegea yaliwaachia hai mbawakawa wa msonobari, wakasambaa kwenye zaidi ya hekta milioni 18.

Watafiti wanaopima vigogo vilevile mwaka hata mwaka katika misitu ya tropiki isiyokatwa wameona uwezo wake wa kumeza kaboni ukifikia kilele miaka ya 1990. Ule wa Amazon umekuwa ukishuka tangu wakati huo. Ule wa Afrika ulisimama imara kwa muda mrefu zaidi, ingawa vifo vya miti vilianza kuonekana kuongezeka kuanzia mwaka 2010 hivi. Miti inayokua haraka nayo mara nyingi hufa mapema, na hili hesabu za makampuni yanayojisafishia moshi kwa kupanda miti huliruka. Kilo moja ya kaboni iliyokaa kwenye gogo miaka 30 wanaiandika sawa na iliyokaa 300.

Sasa macho yangu yako karibu na Manaus, Brazil, ambako mradi wa AmazonFACE umebuniwa kuuliza swali hilihili kwa msitu wa mvua uliokomaa, juu ya udongo wenye fosforasi kidogo. Makadirio mengi ya tabianchi yameuandikia msitu ule ziada ya ukuaji kabla haujaulizwa. Ningeambiwa niweke dau, ningeweka kwenye udongo.