Aronson alitafuta amani, sisi tunamdai maksi

Mwaka 1971 shule za Austin, Texas, zilikuwa zimetoka tu kuunganishwa baada ya miaka mingi ya ubaguzi wa rangi. Watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico walijikuta darasa moja, na ngumi zikaanza. Elliot Aronson, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Texas, akaitwa asaidie. Yeye na wanafunzi wake walikaa madarasani wakitazama, na walichokiona wala hakikuwa cha Texas peke yake: mwalimu anauliza, mikono inanyooshwa, mmoja anateuliwa, waliobaki wanaomba akosee. Mtoto aliyetoka shule duni, tena Kiingereza kinampiga chenga, alikuwa ameshashindwa kabla swali halijaulizwa.

Dawa yake, mbinu iitwayo jigsaw, ilikuwa kulikata somo vipande. Katika kundi la watoto watano au sita, kila mmoja hupewa kipande chake peke yake. Wenye kipande kinachofanana kutoka makundi mbalimbali hukutana kwanza wakakichambua, kisha kila mmoja hurudi kuwafundisha wenzake. Mtihani hufanywa na kila mtu kivyake, nao unagusa somo zima.

Aronson husimulia habari za mtoto aliyempa jina la Carlos, ambaye Kiingereza kilimtia woga. Kipande chake kilihusu maisha ya Joseph Pulitzer, yule tajiri wa magazeti. Alibabaika, wenzake wakamkejeli. Msaidizi wa utafiti hakuwakaripia. Aliwakumbusha tu kwamba mtihani umekaribia na habari hizo anazo Carlos. Kejeli zikageuka maswali, na maswali yakamfungua mdomo.

Matokeo ya mwanzo yalitia moyo. Utafiti wa 1976 ulionyesha kwamba watoto weusi na wa asili ya Mexico walifaulu zaidi kuliko wenzao wa madarasa ya kawaida, na weupe hawakupoteza kitu. Mwaka uliofuata ukaja mwingine: watoto walipendana zaidi na kujithamini zaidi.

Lakini watafiti wengine walipoirudia mbinu hiyo, mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1985 Moskowitz na wenzake hawakuona faida waliyoitarajia. Mwaka 2022 yakachapishwa majaribio matano kutoka Ufaransa, kwa wanafunzi wa darasa la sita, na katika kujifunza mbinu hiyo haikuonyesha faida ya maana. Sababu moja mwalimu yeyote anaweza kuihisi: kipande chako unakijua barabara, vingine unavipokea kwa mtoto mwenzako ambaye huenda naye hakuvielewa.

Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliliona tundu hilo mapema, akaifanyia mbinu ukarabati. Kwake kila mtoto husoma andiko lote kwanza, ndipo agawiwe mada ya kubobea. Kundi nalo hutuzwa kwa maendeleo ya kila mwanachama. Kwa mwenye kutafuta maksi, hoja ya Slavin ina nguvu, na mimi nisingebisha. Ila kuna kitu kinapotea njiani. Kama andiko lote nimelisoma, Carlos wa nini? Tuzo la kundi linaweza kunifanya nimsukume asome, lakini sina haja tena ya kumsikiliza, na kule Austin kusikilizwa ndiko kulikozima ugomvi. Kwa hiyo kumlaumu Aronson kwa maksi za Ufaransa naona ni kumdai deni ambalo halikuwa lake la kwanza. Waliochukua mbinu yake wakaiuza kama njia ya kufaulisha, hao ndio wa kuulizwa.

Sisi tumechukua pungufu hata ya hapo. Tangu mtaala wa Tanzania wa 2005 uliolenga umahiri, agizo la "kaeni vikundi" limezoeleka, na mara nyingi huishia hapo hapo: swali moja kwa kundi zima, mmoja anaandika, wengine wanategea. Sehemu ya lawama ni ya mazingira, kwani darasa la watoto themanini vipande hivyo atavichapa nani, kwa karatasi ipi?

Chuoni niliwahi kuandika kazi ya watu saba, na mmoja wao nilimfahamu kwa jina tu, lile la kwenye jalada. Alama tulipata sawa. Kwa Aronson nisingeweza kuimaliza peke yangu hata kama ningetaka. Kipande cha yule bwana ningekitoa wapi?