Kilichoiua stesheni ya Clones: mpaka au lori?

Clones (hutamkwa kwa silabi mbili, Klo-nes) ni mji mdogo wa kaunti ya Monaghan, Ireland. Zamani njia nne za reli zilikutana pale: ya Dundalk, ya Cavan, ya Enniskillen na ya Armagh. Leo hata treni moja haipiti.

Wengi wanaulaumu mpaka uliokigawa kisiwa cha Ireland mwaka 1921: Kaskazini ikabaki chini ya Uingereza, na serikali yake Belfast, huku kusini ikiwa na serikali yake Dublin. Ushahidi wanao. Clones ilibaki kusini, lakini reli zake hazikuchorwa kwa kufuata mpaka. Ile ya Cavan iliuvuka mara kadhaa ndani ya maili chache. Februari 11, 1922, polisi wa akiba wa Kaskazini walikuwa wakitoka Belfast kwenda Enniskillen. Miji yote miwili iko Kaskazini, ila ilibidi wabadilishe treni Clones. Risasi zikarindima stesheni. Wakafa polisi wanne na kamanda wa IRA (jeshi la wapigania uhuru wa Ireland), Matt Fitzpatrick. Mwaka uliofuata, Aprili 1, ukaja ukaguzi wa forodha.

Wapo wanaosema mpaka unasingiziwa. Reli ya Harcourt Street, kutoka Dublin hadi Bray, ilifungwa mwisho wa 1958. Za West Cork zikafuata 1961. Huko hakukuwa na afisa wa forodha wa kulaumiwa. Mabasi yalichukua abiria, malori yakachukua mizigo, na kampuni ya Great Northern, iliyomiliki njia za Clones, ilikuwa hoi kifedha hadi serikali mbili, ya Dublin na ya Belfast, zikaichukua kwa pamoja mwaka 1953. Hoja hii ni nzito.

Lakini haielezi Clones ilivyokufa. Banda lake la injini, la zege, lilijengwa katikati ya miaka ya 1920, mpaka ukiwa tayari upo. Hakuna kampuni inayomwaga zege mahali ilipokata tamaa. Kisha 1957 serikali ya Belfast ikafunga njia za upande wake, Dublin ikipinga bila mafanikio. Za Enniskillen na Armagh zikakatikia mpakani, na makutano yakawa hayana cha kukutanisha. Abiria wakaisha mwaka huohuo. Mizigo ikajikongoja hadi mwisho wa 1959. Lori lingeipunguzia Clones treni, hilo nakubali. Mpaka ndio uliompa mmoja wa wamiliki wawili nguvu ya kuikata peke yake.

Ndiyo maana naitilia maanani ripoti ya 2024, iliyoandaliwa na serikali zote mbili, inayopendekeza reli irudi kutoka Portadown hadi Mullingar kupitia Armagh, Monaghan na Cavan.