Pumu haitibiwi usiku wa manane tu

Kila nikipiga simu kwetu Wete, Pemba, nikaambiwa fulani kabanwa tena, najua yaliyofuata: gari ya kukodi usiku, oksijeni, sindano, asubuhi karudi nyumbani, yamekwisha. Ya mwezi ujao hayaulizwi.

Huku Uingereza pumu yangu hutazamwa siku ambayo siumwi. Kila mwaka muuguzi hunita, napuliza kipimo cha pumzi, namuonesha ninavyovuta dawa (wengi wetu huivuta ovyo ikaishia kooni), kisha ananiandikia: pumzi zikishuka hapa fanya hivi, zikishuka pale kimbilia spitali. Dawa ya kuiondoa hawana. Pumu iliyoanza ukubwani aghalabu haiondoki, uwe Leicester au Pemba. Ila ikidhibitiwa, mtu anafanya kazi zake na anazeeka vizuri. Ikiachwa miaka kwa miaka, kuta za njia za hewa huwa nene, na pumzi nyengine hazirudi tena.

Kinachotutenga ni dawa ya kuvuta yenye steroidi, inayotuliza uvimbe wa ndani ya njia za hewa, kila siku, hata ukijiona mzima. Salbutamol, ile ya kuvuta ukibanwa, hufungua kifua kwa saa chache. Uvimbe wa ndani haiugusi. Tangu 2019 muongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, haushauri mtu mzima atibiwe kwa salbutamol peke yake. Kwetu wengi ndiyo hiyo hiyo, na ya steroidi wanaiogopa: "Ukianza huachi." Hao hao kifua kikibana hununua prednisolone dukani, vidonge vya steroidi ambavyo vikimezwa mara kwa mara huleta sukari, mtoto wa jicho na mifupa dhaifu! Ile ya kuvuta dozi yake ni ndogo mno, na ukisukutua mdomo baada yake, madhara ni machache. Hata Ramadhani haisumbui: wengi huivuta mara mbili, basi daku na baada ya futari.

Sisemi huku peponi. England tunalipa karibu pauni 10 kwa kila dawa, Scotland na Wales bure. Vyumba vya kupanga vina ukungu ukutani, na nikibanwa usiku niko peke yangu. Wete mtaa mzima ungeamka.

Ninalolitaka nyumbani si mashine. Wenye pumu wawe na siku yao ya kliniki, na budesonide, dawa ya kuvuta yenye steroidi, isikosekane Pemba. Asiyeweza kuvuta vizuri, chupa tupu ya maji ya nusu lita inatosha: kitako kitobolewe tundu la kuichomeka dawa, mdomo wa chupa ndio wa kuvutia.