Mtoto mchanga, nyumba yenye leseni na zamu ya usiku: hesabu ya mzazi wa Minnesota

Tangu tarehe 1 Januari 2026, mzazi anayefanya kazi katika jimbo la Minnesota, Marekani, ana haki ya likizo yenye malipo ya kukaa na mtoto aliyezaliwa, hadi wiki 12. Mama aliyejifungua anaweza kuongezewa wiki za kupona, mradi jumla isizidi 20 kwa mwaka. Kabla ya hapo akina mama wengi walirudi kazini mtoto akiwa na wiki sita, shingo haijakaza. Sheria hii ni afueni kubwa, ila imeahirisha swali tu. Likizo itakwisha, na kwetu tuliohamia hapa, bibi yuko Kisii, Bujumbura au Uvira. Mtoto ataachwa na nani?

Njia za kawaida ni tatu. Kuna kituo cha kulelea watoto, chenye madarasa na wafanyakazi wa kuajiriwa. Kuna mlezi mwenye leseni anayelea watoto nyumbani kwake. Halafu kuna yule tunayemwita anti: mama wa kanisani au jirani, mtu wa kwetu, hana karatasi yoyote, ila ana roho nzuri na bei nafuu. Njia ya kati ndiyo inayohitaji kupimwa zaidi, kwa sababu inasifiwa na kuogopwa kwa kiasi kile kile, na pande zote mbili zina haki.

Kwanza leseni yenyewe, maana wengi hudhani ni kibali cha biashara kama cha kuuza mandazi. Mlezi wa nyumbani Minnesota hukaguliwa na afisa wa kaunti. Kila mtu anayeishi katika nyumba hiyo mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea huchunguzwa historia yake, mume akiwemo, na kijana wa sekondari pia. Mlezi hufunzwa huduma ya kwanza na jinsi ya kumfufua mtoto aliyeacha kupumua. Kabla ya kupokea mtoto mchanga, lazima afunzwe kuhusu vifo vya ghafla vya watoto usingizini na madhara ya kumtikisa mtoto. Katika leseni ya kawaida anaruhusiwa watoto 10, lakini walio chini ya umri wa shule wasizidi 6. Kati ya hao, walio chini ya miaka miwili wasizidi 3, na walio chini ya mwaka mmoja wasizidi 2. Wanawe mwenyewe walio wadogo nao wamo katika hesabu hiyo.

Linganisha na kituo. Huko mtu mzima mmoja hupewa watoto wachanga wanne, na kundi lisizidi wanane. Kwa mama wa mtoto wa miezi minne, nyumba inaonekana kushinda hapo hapo: wachanga wawili badala ya wanane, mafua machache, uso ule ule asubuhi na jioni. Vituoni wafanyakazi huhama kila mara kwa sababu mishahara ni midogo, na mtoto anayeanza kumzoea mtu hujikuta amekabidhiwa mwingine. Bei nayo inaongea. Katika miji ya Minneapolis na St. Paul, kumweka mtoto mchanga nyumbani kwa mlezi mara nyingi hugharimu zaidi kidogo tu ya nusu ya bei ya kituo.

Kwa hesabu hiyo ungesema mjadala umekwisha. Lakini jimbo hili lina historia yake. Mwaka 2012 gazeti la Star Tribune la Minneapolis lilichapisha uchunguzi kuhusu ongezeko la vifo vya watoto wachanga katika malezi ya mchana. Karibu vyote vilitokea katika nyumba za walezi, na nyumba hizo zilikuwa na leseni. Watoto wengi walikuwa wamelazwa vibaya: kifudifudi, au pamoja na mablanketi, au mahali pasipo kitanda cha mtoto. Uchunguzi huo ulipata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2013, na bunge la jimbo likakaza kanuni za usingizi na za mafunzo.

Kwa nini nyumba na si kituo? Jibu moja lilikuwa limeshatolewa mwaka 2005, pale Julia Wrigley na Joanna Dreby walipochapisha utafiti wao juu ya vifo vya watoto katika malezi ya aina zote Marekani kuanzia 1985 hadi 2003. Waligundua kwamba malezi kwa jumla ni salama, tena vituo ni salama kuliko nyumba, na tofauti ni kubwa zaidi kwa watoto wachanga. Si kwamba walezi wa vituoni wana upendo zaidi kuliko wa nyumbani. Tofauti ni kwamba hawako peke yao. Mtoto akilia saa mbili mfululizo, mwenzake humpokea. Mmoja akisahau kumchungulia aliyelala, mwingine anapita. Nyumbani, mwanamke mmoja yuko na watoto sita kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, mlango umefungwa, na hakuna mtu mzima mwingine wa kumwambia, "Nipe huyo, kaa chini kidogo."

Hapa ndipo naona tunapima vibaya. Tunauliza kama leseni ipo au haipo, na hatuulizi kuna watu wazima wangapi ndani ya nyumba. Walezi wengine huwa na msaidizi, dada au binti mkubwa aliyepitia mafunzo yale yale. Nyumba yenye msaidizi huyo hata kwa saa tano za katikati ya siku si sawa na nyumba ya mtu mmoja, ingawa leseni ukutani ni ile ile.

Sasa anti wa kanisani. Sheria ya Minnesota haimkatazi mtu kulea bila leseni watoto wa ndugu zake, wala watoto wa familia moja tu isiyo na undugu naye. Kwa hiyo shangazi anayemlea mtoto wako peke yake yuko ndani ya sheria kabisa, na akijisajili anaweza hata kulipwa kupitia mpango wa jimbo wa kuwasaidia wazazi wenye kipato kidogo. Lakini akipokea pia mtoto wa mama Fulani, na wa mwingine anayefanya kazi pamoja na mama Fulani, ameshatoka nje ya sheria. Najua wengi wako hivyo. Sioni sababu ya kuwaita wahalifu. Wamebeba jumuiya hii mgongoni wakati hakuna aliyekuwa anatujua.

Wanao pia utetezi wa kweli. Anayeishi kwenye fleti ya kupanga huenda mwenye nyumba asikubali. Chumba cha chini ya ardhi kinahitaji dirisha la kutorokea moto. Fomu ni za Kiingereza, mafunzo ni saa 16 kila mwaka, na mapato yenyewe ni ya kubangaiza. Hata Waamerika wenyewe wanaacha: ukihesabu tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, idadi ya nyumba zenye leseni Minnesota imepungua kwa zaidi ya nusu, na vijijini ndiko kumeathirika vibaya. Anayesema kanuni zimewachosha walezi hadi wakaondoka hasemi uongo. Na nyumba moja yenye leseni inapofungwa, wale watoto hawapotei; wengi wao huishia kwa mtu asiyekaguliwa na yeyote.

Hata hivyo, kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja mimi nasimama upande wa leseni, kwa sababu ambayo haizungumzwi sana. Inampa mlezi nguvu ya kutukatalia sisi wenyewe. Kwetu mtoto hulala na mama, amefunikwa vizuri, na akiwa na gesi tumboni hugeuzwa kifudifudi. Ndivyo tulivyolelewa, na bibi zetu hawakuwa wajinga. Lakini bibi alilala na mtoto mmoja, mkono juu yake, kwenye godoro lisilozama, wala hakuwa na vitoto vingine vitano sebuleni. Tangu Marekani ianze mwaka 1994 kampeni ya kuhimiza watoto walazwe chali, vifo vya ghafla vya usingizini vilipungua kwa karibu nusu. Hiyo si desturi ya Wazungu ya kubishaniwa.

Mlezi mwenye leseni hapa anatakiwa amlaze mtoto mchanga chali, kwenye kitanda chake mwenyewe, godoro gumu, shuka iliyobana, bila mto wala blanketi wala mwanasesere. Kinachoruhusiwa humo ni chuchu ya bandia peke yake. Ukimwomba amlaze kifudifudi, atakudai karatasi ya daktari. Anti asiye na leseni atakuambia, "Sawa mama, nimekuelewa," kwa sababu wewe ni rafiki yake, na Jumapili mtakaa benchi moja.

Ila kanuni hizo nazo zina matundu. Kuhusu kumchungulia mtoto aliyelala, sheria ya jimbo inamhimiza mlezi wa nyumbani aende akamtazame kila dakika 30, na kila dakika 15 katika miezi minne ya kwanza tangu mtoto aanze kwake. Inamhimiza, haimlazimishi. Hilo ni swali la kumuuliza mlezi ana kwa ana: yeye hufanyaje? Mwenye mazoea atakujibu bila kufikiri, pengine hata akuonyeshe daftari.

Tundu kubwa zaidi ni usiku, na linatuhusu kuliko wenyeji. Wakenya, Wakongo na Warundi wengi hapa wanafanya kazi katika nyumba za wazee na nyumba za kutunzia watu wenye ulemavu, na zamu ya usiku ina malipo mazuri kidogo. Vituo vingi hufungwa saa kumi na mbili jioni. Mlezi wa nyumbani anaweza kukubali mtoto alale kwake, na hii ndiyo sababu halisi inayowapeleka wengi kwenye nyumba, kuliko mambo ya mapenzi na mazingira. Lakini fikiria siku nzima. Mama anatoka kazini saa moja asubuhi akiwa hoi, naye anahitaji kulala, basi anaomba mtoto akae hadi saa nane mchana. Mlezi huyo huyo, baada ya usiku huo, anapokea watoto wa mchana. Kanuni za uwiano zinahesabu watoto. Hazihesabu saa ambazo mlezi amefumba macho.

Kwa usiku, basi, nitasema jambo linaloonekana kupingana na yote niliyosema. Ikiwa una ndugu, hata asiye na leseni, anayeweza kuja kulala kwako na mtoto wako mmoja kwenye kitanda chake, namwona ni salama kuliko mlezi mwenye leseni ambaye ameanza siku yake saa kumi na mbili asubuhi. Kwa sharti moja: huyo ndugu afundishwe kumlaza mtoto kama nilivyoeleza, na asilale naye kwenye kochi. Kama ndugu hayupo, uliza chumba cha watoto kiko wapi, mlezi analala wapi, na kesho yake anapokea wangapi.

Mtoto akishatimiza mwaka na nusu, mizani inageuka. Hatari ya usingizi imepungua sana, na kinachobaki ni lugha, chakula na mazoea. Hapo nyumba inashinda, hasa ya mlezi anayezungumza Kiswahili. Kituo kitampa mtoto vitabu vizuri na uwanja salama, lakini kitamrudisha akikuita kwa Kiingereza. Mlezi wa kwetu atampa uji, atamfundisha kusema "shikamoo", atamfokea kidogo kwa lugha ya mama yake. Mlezi mwenye leseni anaweza pia kurudishiwa sehemu ya gharama za chakula na mpango wa serikali kuu, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba chakula bora ni cha vituoni. Nyota za ubora wanazopewa walezi ni moja hadi nne, na zile za juu ni za hiari. Mlezi asiye nazo hizo za juu huenda hakuomba tu. Mimi singezipa uzito mwingi.

Kuna mambo mengine ya nyumba ambayo watu hukumbuka wakiwa wameshachelewa. Mlezi akiugua, malezi yanafungwa siku hiyo, na msimamizi wa zamu hataki kusikia. Uliza nani anamshikia, na kama mtu huyo naye amechunguzwa. Kuhusu bima, sheria inamtaka mlezi akujulishe kwa maandishi kama anayo au hana. Wengi husaini karatasi hiyo bila kuisoma. Na una haki ya kuingia wakati wowote mtoto wako akiwa mle. Mlezi anayetaka upige simu kwanza kila mara, mwogope, hata kama ni mama mchungaji.

Mwisho ni rekodi. Idara ya Watoto, Vijana na Familia, iliyoanza kazi Julai 2024, ndiyo yenye dhamana ya leseni hizi, na jina la mlezi hutafutwa mtandaoni bure, pamoja na amri za kurekebisha alizoandikiwa. Usishtuke ukizikuta. Kwa miaka ya kazi, karibu kila mlezi ameandikiwa kitu: cheti cha chanjo hakikuwa kwenye faili, zoezi la moto halikuandikwa, betri ya king'ora imekwisha. Hizo zisome haraka upite. Zinazotakiwa kukusimamisha ni za aina tatu: watoto kuzidi idadi, mtu mzima asiyechunguzwa kukutwa ndani, na mtoto mchanga kukutwa amelazwa vibaya. Ikiwa ni mara moja, tena zamani, muulize mwenyewe na usikilize anavyoeleza. Ikiwa ni mara mbili kwa kosa lile lile, endelea kutafuta, hata kama nyumba inayofuata ina foleni ya miezi mitatu na zamu yako inaanza Jumatatu.