Nyumba ni ya Taifa, Ndoo ni Yangu

Jumanne natoka zangu msikitini alfajiri, nafika nyumbani nakuta watu sita kwenye baraza yangu, kimya, mikono wameifumbata kama watu waliokuja mazikoni. Moyo ukaniruka. Nikauliza nani amekufa. Jirani wa ng'ambo ya ndia akanishika bega. "Pole, kaka. Mali hutafutwa. Afya ndiyo nyumba."

Mlangoni pamebandikwa karatasi. Ina nembo, ina muhuri, ina Kiingereza kirefu. Na huku kwetu Mji wa Kale wa Mombasa, karatasi ya namna hiyo mlangoni ina maana moja tu: mnada. Kabla sijavua viatu, mwenye duka anayenikopesha unga ameshamtuma mtoto na daftari. Mke wangu ameshawapigia kaka zake. Fundi cherehani ananiuliza kwa sauti ya chini kama kabati la vyombo litauzwa pamoja na nyumba au peke yake.

Nikavaa miwani, nikasoma. Kumbe si mnada. Ni heshima! Nyumba yangu imependekezwa iwekwe kwenye orodha ya majengo ya kale yanayolindwa na sheria, na umma waalikwa kutoa maoni. Mwenye pingamizi ana miezi miwili ailete kwa maandishi.

Nikajinyoosha. Nikaikunjua kanzu. "Ndugu zangu," nikawaambia, "hapo mlipokaa mmekalia urithi wa taifa. Inukeni." Hakuna aliyeinuka. Mtoto wa daftari akasema urithi sawa, ila unga ni wa tangu mwezi wa tatu.

Sasa sogeeni niwaonyeshe kitu. Karatasi yenyewe, mstari wa nne, yasema mlango wa nakshi ni sehemu adhimu ya jengo: usitobolewe, usipakwe rangi, usibandikwe kitu chochote. Na hiyo karatasi imebandikwa kwa nini? Kwa gundi ya viatu, ile ya manjano. Imepakwa kwa brashi juu ya mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, pale palipochongwa ua, ikachuruzika mpaka kwenye nakshi ya mnyororo, ikajaza pingili kwa pingili, ikakauka kama kamasi za mtoto. Mlango huu umepitiwa na vita viwili vya dunia na watoto wangu watano, na hakuna aliyewahi kuupaka gundi. Wamekuja kuupaka wanaoulinda.

Halafu juu imeandikwa "Kwa Mmiliki". Mmiliki yupi? Nyumba hii ni ya babu yake baba, na babu alikufa bila kuigawa. Warithi mara ya mwisho tulipohesabu tulikuwa ishirini na watatu walio hai, wanne wako Muscat, mmoja Toronto, na mmoja yuko hapo Kibokoni lakini hasemi na mtu. Kubadilisha mfereji wa jikoni kwataka kikao cha ukoo. Ukuta wa uani ulianguka mwaka 2016, na mpaka leo uko kwenye ajenda, chini ya "mengineyo".

Basi siku ya kutoa maoni ikafika. Maafisa wa turathi walisema watakuja wenyewe nyumbani, walitazame jengo na kuwasikiliza wakaazi. Saa tatu asubuhi. Walifika saa sita na nusu, hilo silipigii kelele, mimi pia arusi yangu nilifika hivyo. Walikuwa wawili: binti mmoja mpole mwenye utepe wa kupimia, na kijana wa kushika fomu. Lakini warithi! Watu ambao tangu hitma ya shangazi sijawaona, wamejaa uani mpaka kwenye ngazi. Kuna mtu alieneza habari kwamba patatolewa bahasha.

Binti akakohoa kidogo. "Tungependa kwanza tusikie historia ya nyumba. Labda mzee atuanzie."

Ami yangu alikuwa akilingoja neno hilo miaka themanini. Akaweka bakora pembeni. "Andika. Vasco da Gama."

Binti akaandika. Akangoja. "Vasco da Gama alifanya nini, mzee?"

"Alikuja hapa."

"Hapa Mombasa?"

"Hapa barazani. Hapo hapo ulipoweka mkoba wako."

Binti akausogeza mkoba. Wallahi aliusogeza. Halafu akasema, kwa adabu kabisa, kwamba wanavyojua wao Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa Aprili 1498, hakupokewa vizuri, akaenda zake Malindi.

"Ahaa!" Ami akalipiga kofi goti lake mwenyewe. "Na kwa nini hakupokewa? Wewe umesoma, hebu nambie. Alifungiwa mlango! Na aliyemfungia ni babu yetu. Mlango wenyewe ndio huo, wenye gundi."

"Lakini mzee, nyumba hii kwa tulivyoitazama ina umri wa miaka kama mia na ishirini hivi."

Ami hakupepesa jicho. "Nyumba ndiyo. Mlango ulitangulia."

Sasa ukishamruhusu mmoja, wengine watanyamaza? Kaka yangu mkubwa naye akasimama. Akasema Waomani walipoizingira ngome ya Fort Jesus kuanzia 1696 mpaka 1698, hao waliozingira walikuwa wanakula, au hawakuwa wanakula? Binti akasema bila shaka walikuwa wanakula. "Basi," akasema kaka, akakaa. Hakueleza zaidi. Kijana wa fomu akamtazama binti, binti akamtazama kijana, ikaandikwa.

Binamu wa Muscat alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa, simu imewekwa juu ya sinia ya kahawa. Akapaza sauti kwamba historia yote ni sawa, ila iandikwe kuwa chumba cha juu cha upande wa bahari ni cha baba yake. Hapo yule wa Kibokoni, ambaye nimewaambia hasemi na mtu, akasema. Akasema mengi sana, kwa mpigo, ya tangu mwaka 1987. Chumba hicho, jamani, hakina paa! Wanapigania mbingu.

Shangazi yangu mdogo akamvuta binti mkono. "Mwanangu, andika choo. Choo chaziba."

"Mama, hapa twaandika mambo ya turathi."

"Hicho choo ni cha marehemu babu."

Kikaandikwa.

Tukapanda juu kulitazama jengo. Binti kila anachokiona ni "lo, jamani, mazuri haya!" Akautia utepe chumba changu. Upana ni mita mbili na nusu na kitu. Akamweleza kijana kwamba vyumba vyote vya nyumba hizi ni vyembamba hivyo kwa sababu ya boriti, kuwa mti wa mkoko hauwezi kubeba dari pana zaidi, kwa hiyo mti wa baharini ndio uliopanga watu walale vipi. Kijana akasisimkwa. Mimi na mke wangu twajua vile: akitaka kugeuka usiku huniamsha kwanza. Kisha binti akaisogeza ndoo yangu ili apige picha ya dari, akauliza kama nayo ni ya zamani.

"Ndoo ni ya 2009," nikamwambia. "Tundu ndilo la kale."

Hapo nikaona ndiyo zamu yangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha. Nikakunja mikono nyuma. "Mheshimiwa afisa, mimi kama mkaazi, na kama mzaliwa wa mtaa huu, naipenda nyumba yangu…" Hapo hapo kijana akatia alama kwenye fomu. Fomu ina vijisanduku vitatu: anaunga mkono, anapinga, hana maoni. Ameshanitia kwenye "anaunga mkono". Nikamwambia ngoja, sijamaliza, nilikuwa kwenye salamu! Akasema fomu ni ya kalamu ya wino.

Nikaendelea hivyo hivyo. Nikauliza paa litatengenezwa na nani. Binti akasema mwenye nyumba aruhusiwa kabisa kutengeneza, mradi atumie vitu vya asili: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti. Saruji hapana. Na kwenye saruji nampa haki yake, sitaki kuwa mnafiki. Marehemu baba aliupiga lipu ya saruji ukuta wa ngazi miaka ya themanini, akajisifu mtaa mzima. Jiwe la matumbawe lina chumvi na lataka kupumua; ukuta ukajaa jasho ndani, ukavimba, ukaitapika saruji mapande kwa mapande, pande moja likamwangukia baba mwenyewe akiwa na kikombe cha chai. Chokaa ya kale chini yake ilikuwa nzima kama imepakwa jana.

Lakini fundi wa chokaa ninayemjua ni mmoja, na magoti yamemwisha. Hapandi ngazi. Hukaa chini kwenye kigoda, huelekeza kwa bakora, na bakora ndiyo unayoilipa. Na boriti? Mikoko ni msitu wa serikali, huikati bila kibali. Kwa hiyo sheria moja yaniambia dari yako ni boriti, sheria nyingine yaniambia boriti yako ni msitu, na mimi niko katikati na ndoo. Nikamuuliza: je, ukinilinda, fedha yaja?

"Maoni yako tumeyapokea, mzee."

Mzee! Nina miaka hamsini na mbili.

Bahasha hazikuwapo. Palikuwa na soda na biskuti, na karatasi ya kutia sahihi. Ami alichukua soda tatu, moja yake, mbili kwa niaba ya marehemu.

Msinielewe vibaya. Mimi sikatai. Najua nyumba zilizobomolewa hapa zikasimamishwa maghorofa yenye vioo kama miwani ya vipofu, na kila nikipita najisikia vibaya. Lakini kuna usiku wa mvua, ile ya masika, mimi nimesimama juu ya kitanda cha mtoto na tochi, naitazama boriti moja iliyooza kichwa, yatoa unga. Kila nikishusha tochi unga umeongezeka kwenye shuka. Namuinua mtoto na godoro lake namweka ukumbini. Fort Jesus ilikuwa jela kuanzia 1895 mpaka 1958, na wafungwa wale, pamoja na shida zao, hakuna aliyewaambia dari ni yako, itafutie boriti. Na Unguja je? Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, ndani ya Mji Mkongwe ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Si nyumba ya warithi ishirini na watatu ile, ni jumba lenye picha kwenye kila kitabu cha watalii, na mafundi walikuwa kazini. Desemba 2020 likaporomoka upande mzima, na watu wawili wakafa. Mimi nilale vipi? Nilale na karatasi?

Aah. Basi.

Jana niko mlangoni na kisu cha jikoni na kitambaa cha mafuta ya nazi, naikwangua gundi pingili kwa pingili. Mke wangu alisema maji moto, Ami alisema mafuta ya taa, Muscat walipiga simu wakasema nisiguse mpaka waje. Karatasi yenyewe nilitaka niitoe nzima niiweke, lakini nusu ya chini, yenye tarehe ya mwisho na anwani ya kupeleka pingamizi, ikatoka kama uji. Mara wakapita watalii na kijana wao wa kuwatembeza. Akawasimamisha. Akawaeleza kwamba huyu mnayemuona ni mlinzi wa mlango, na kazi hii hurithiwa baba kwa mwana. Wakanipiga picha. Mmoja akanipa shilingi mia, nami nikaichukua. Msinitazame hivyo.

Nikaenda nayo kwa yule Bi wa viazi karai pale pembeni. Zamani kwa mia ulikuwa ukila ukashiba ukamwachia na paka. Siku hizi kiazi kimoja akikata vipande vinne anaviviringisha unga mzito kama anaficha kitu. Nikamwambia, "Bi, hiki kiazi kiko wapi?" Akasema nisimtie mkosi asubuhi, yeye hajapanda viazi.

Akanifungia kwenye gazeti. Nafungua nakula, naona jina la mtaa wetu. Naangalia vizuri: tangazo lenyewe, lile lile, neno kwa neno! Nikakaa kwenye ngazi nikalisoma huku natafuna. Mwenye pingamizi aiwasilishe kwa maandishi kabla ya tarehe, na hapo kwenye tarehe pamemwagikiwa ukwaju. Nikalamba. Chini ya ukwaju pana mafuta, na wino umeondoka na ulimi.

Nikarudi kwa Bi nikamuuliza kama anayo nyingine ya gazeti lile.

Akasema anayo, lakini yaenda na viazi.